Mota Mbili Zinazopingana Ndani ya Hamira

Kuna seli ambayo ukiinyima kifaa kimoja hufa, ukiinyima na cha pili hupona. Ni ya hamira Schizosaccharomyces pombe, ambayo Mjerumani Paul Lindner aliielezea mwaka 1893 baada ya kuipata katika pombe ya Afrika Mashariki; jina la pili ni ushahidi wa hilo.

Ina kromosomu 3 tu. Kila moja hunakiliwa, kisha nakala hutenganishwa, kila seli changa ipate yake. Kinachozitenganisha ni spindeli, fungu la mirija myembamba ya protini iitwayo mikrotubuli, inayoota kutoka nguzo mbili na kupishana katikati. Hamira huijenga ndani ya kiini bila kuuvunja utando wake, jambo ambalo seli zetu haziliwezi.

Mirija inapopishana ndipo inapofanya kazi Cut7, mota ya jamii ya kinesini, yaani protini zinazotembea juu ya mirija hiyo. Ina jozi mbili za miguu, moja kila upande. Jozi moja hukanyaga mrija wa nguzo hii, nyingine wa nguzo ile, na zote, zikiendeshwa na nishati ya ATP, huzipa mgongo nguzo zao. Mirija huteleza, nguzo zikasukumwa mbali.

Mwaka 1990 Iain Hagan na Mitsuhiro Yanagida, wa Kyoto, walionyesha kwamba Cut7 ikiharibika nguzo hazitengani. Seli haisubiri: hujenga ukuta wake katikati kama kawaida, nao hukikata kiini kisichogawanyika.

Je, imekufa kwa kukosa msukumo? Sivyo hasa. Kuna mota nyingine, Pkl1, inayotembea kinyume, kuelekea nguzo, na kuzizuia zisiachane. Cut7 ikiondoka, Pkl1 hukosa mpinzani. Ziondoe zote mbili, seli huishi: protini Ase1, isiyotembea kabisa, huishikiza mirija, na kule kuota kwa mirija kwenyewe kukatosha kusukuma, ingawa spindeli huwa fupi. Kwangu, jaribio hilo lina thamani zaidi kuliko lile la 1990.

Ndugu wa Cut7 mwilini mwetu ni Eg5. Mwaka 1999 ilipatikana kemikali inayoizuia, monastroli, na matumaini ya dawa mpya za saratani yakapanda. Yalipanda mno, kwa maoni yangu. Seli za binadamu zikinyimwa Eg5 zinaweza kuzoea na kuegemea kinesini nyingine, Kif15, nazo zikaendelea kugawanyika.