Risasi ya Mwindaji na Hesabu ya Biashara Yake

Katika gharama zote zimkabilizo mgeni ajaye kuwinda Tanzania, nauli, malipo ya kitalu, ujira wa mwindaji bingwa na ada ya kila mnyama aangukaye, bei ya risasi ni ndogo mno. Lakini ndiyo iamuayo kama zile nyingine zimelipwa kwa faida au kwa hasara, kwa kuwa desturi ya biashara hii ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa akatoroka huhesabiwa ameuawa, na aliyefyatua hulipa kamili.

Risasi ya ncha laini, ambayo koti lake la shaba halifiki nchani, hutanuka kama uyoga ikiingia mwilini. Hiyo ni ya chui, simba na jamii ya swala. Ile ngumu haitanuki, bali hupenya moja kwa moja, nayo ni ya ndovu, ambaye ubongo wake umesitiriwa na mfupa mnene.

Taabu iko kwa nyati. Ukimpiga kwa ngumu akiwa kundini, yamkini itamtoka na kumjeruhi aliye nyuma yake, wote wawili wakawa deni; na ukimpiga kwa ncha laini dhaifu, iliyokusudiwa swala, itapasuka begani kabla ya kufika moyoni, kisha watambuzi wa nyayo ndio watakaomfuata kichakani. Kwa hiyo mabingwa wengi hutanguliza ncha laini iliyo imara, na nyuma yake wakapanga ngumu, maana nyati aliyekwisha pigwa aghalabu hugeuza mgongo, na risasi ya pili yapaswa kupenya tokea nyuma hata kifuani.

Kipenyo cha .375, kilichotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, chenye risasi ya gramu 19 hivi, hakikudumu kwa kuvishinda vingine kwa nguvu, kwani .416 ya Rigby, ya mwaka 1911, inakizidi. Kimedumu kwa kuwa risasi zake hazikuadimika. Waingereza walipopunguza kutengeneza risasi kubwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Winchester wa Marekani walileta .458 mwaka 1956, wakajitwalia wateja.

Leo risasi ya shaba tupu, isiyo na kiini cha madini ya risasi, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Barnes mwaka 1989, yazidi kutafutwa, hasa tangu California ilipokataza madini ya risasi katika uwindaji wote, Julai 2019. Ni ghali, lakini haipasuki, nami naona thamani yake ni halali.

Basi wenye vitalu na wamkagulie mgeni risasi zake kabla hajatoka kambini, na asiye na zifaazo wamzuie.