Pampu inaponyamaza: Jinsi ya kuandaa mkondo wa data za maji Kwale

PAMPU ya mkono inapoharibika katika kijiji kilicho mbali na barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, wa kwanza kujua ni akina mama waliofika alfajiri na mitungi mitupu. Fundi aliye Ukunda au Msambweni huenda akapata habari siku kadhaa baadaye. Kwa muda huo wote familia hulazimika kufuata maji mbali, au kuteka katika visima visivyo salama.

Kaunti ya Kwale ina historia ndefu na pampu hizi. Pampu aina ya Afridev, ambayo leo hutumika katika nchi nyingi za Afrika, ilifanyiwa majaribio katika eneo hili miaka ya 1980. Iliundwa kwa namna ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuifungua na kuirekebisha, na huvuta maji kutoka kina cha hadi mita 45.

Miongo mitatu baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walibuni kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya mkono wa pampu. Ndani yake mna kihisi cha mwendo, kama kile kinachoiwezesha simu ya mkononi kugeuza picha inapolazwa. Kifaa huhesabu mipigo ya mkono wa pampu, kisha hutuma hesabu hiyo kwa ujumbe mfupi kupitia mtandao wa simu.

Katika majaribio yaliyofanywa Kyuso, Kitui, wastani wa muda wa pampu kukaa bila kutengenezwa ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Teknolojia hiyo ililetwa Kwale pia, ambako huduma ya ukarabati iitwayo FundiFix ilianzishwa ili kuzitunza pampu kwa malipo ya mara kwa mara kutoka kwa jamii.

Hata hivyo, ujumbe wa pampu peke yake haumtumi fundi popote. Ni sharti upokewe, usomwe, upangwe na uhifadhiwe mahali ambapo msimamizi anaweza kuuona. Safari hiyo ndiyo wataalamu wa kompyuta huiita mkondo wa data, na anayetaka kuujenga leo kwa kutumia hifadhidata ya wingu ana maamuzi kadhaa ya kufanya.

Ujumbe kuwa waraka

Hifadhidata ya wingu ni ile inayokaa katika kompyuta za kampuni nyingine na kufikiwa kwa intaneti. Miongoni mwa zinazotumika sana ni Firestore ya Google, Cosmos DB ya Microsoft na DynamoDB ya Amazon. Hizi hazipangi taarifa katika safu na mistari kama daftari la hesabu. Kila taarifa huwa waraka mmoja wenye majina na thamani zake: namba ya pampu, saa, idadi ya mipigo na nguvu ya betri.

Faida yake ni kwamba pampu ya Diani na ya Msambweni zinaweza kuwa na vifaa vya matoleo tofauti, na nyaraka zao zikakaa pamoja. Hatari yake ni hiyo hiyo. Hifadhidata ya aina hii, isipowekewa masharti, hupokea karibu chochote inachopewa, hata neno mahali palipostahili namba. Kwa hiyo ukaguzi lazima ufanyike kabla ya kuandika.

Hatua ya kwanza ni kuuhifadhi ujumbe jinsi ulivyofika, kabla ya kuuchambua. Data ghafi huwa na thamani isiyoonekana siku ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kuwa mtikisiko wa mkono wa pampu unaweza kutumika kukadiria kina cha maji ardhini, jambo ambalo halikuwa lengo la kifaa hicho kilipobuniwa.

Kitambulisho na saa

Uamuzi mzito zaidi unahusu kitambulisho cha waraka. Mtandao wa simu ukiwa dhaifu, kifaa hakipati uthibitisho na hutuma ujumbe ule ule tena. Pampu iliyopigwa mara 400 kwa saa moja, ujumbe wake ukifika mara tatu na kila mara ukapewa kitambulisho kipya, itasomeka kuwa imepigwa mara 1,200.

Dawa yake ni kuunda kitambulisho kutokana na taarifa zenyewe, yaani namba ya pampu pamoja na saa ambayo hesabu ilianza. Hapo ujumbe ukirudiwa hata mara kumi, waraka huandikwa juu ya ule ule na hesabu haibadiliki.

Saa nayo ina mtego wake. Seva nyingi za wingu hutumia saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Maji yaliyotekwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi yataonekana kana kwamba yalitekwa saa tisa na nusu usiku. Kila waraka unapaswa kubeba saa ya kifaa, saa ya kupokewa, na kutaja bayana saa hizo ni za eneo gani.

Aidha, si busara kurundika masomo yote ya pampu moja ndani ya waraka mmoja. DynamoDB haikubali kipengee kinachozidi kilobaiti 400, na Firestore huweka kikomo cha takriban megabaiti 1. Waraka mmoja kwa kila kipindi cha hesabu ni salama zaidi.

Kuandika bila kupoteza

Huduma hizi hutoza fedha kulingana na matumizi, na baadhi huhesabu kila waraka unaoandikwa. Nyaraka nyingi zinaweza kupelekwa kwa mkupuo ili kupunguza safari za mtandaoni, lakini katika baadhi ya huduma mkupuo mmoja unaweza kupokewa nusu na kukataliwa nusu. Programu isiyokagua jibu la kila waraka hupoteza data kimyakimya.

Kwa sababu hiyo huwekwa foleni. Waraka uliokataliwa kwa sababu ya intaneti hurudi kwenye foleni na kujaribiwa tena baada ya muda unaoongezeka hatua kwa hatua. Ule wenye kasoro ya maudhui hutengwa kando ili mtu aukague, na kamwe hautupwi.

Programu inayoandika ipewe ruhusa ya kuandika katika eneo lake tu, na nywila yake isiachwe ndani ya msimbo. Namba ya simu ya mlinzi wa pampu ni taarifa binafsi inayolindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Haina sababu ya kurudiwa katika kila waraka wa mipigo; ikae peke yake, chini ya ulinzi wake.

Sifuri na ukimya

Swali gumu hubaki moja: pampu ikikosa kusikika, kimetokea nini? Huenda imevunjika. Huenda betri imekwisha, au mtandao umepotea. Huenda pia mvua imenyesha. Utafiti wa mwaka wa 2019 uliotumia data za pampu za Kwale ulionyesha kuwa wakazi hupunguza matumizi ya pampu mvua inaponyesha, kwa kuwa hupata maji kwingine.

Kwa hiyo kifaa kinapaswa kutuma ujumbe hata pampu isipoguswa. Waraka wenye mipigo sifuri husema kifaa kizima, ila hakuna aliyeteka. Kukosekana kwa waraka husema jambo jingine kabisa. Mkondo unaojaza sifuri pale ambapo ujumbe haukufika huchanganya mambo hayo mawili, na msimamizi humtuma fundi kwa pikipiki hadi kwenye pampu nzima, huku kijiji chenye pampu mbovu kikiendelea kungoja.

Kabla ya mkondo kuanza kazi, yafaa ujaribiwe kwa makusudi: ujumbe mmoja utumwe mara mbili, intaneti ikatwe kwa saa kadhaa kisha irudishwe, na jumla iliyo kwenye hifadhidata ilinganishwe na hesabu ya mtu aliyekaa kando ya pampu siku nzima. Zikilingana, msimamizi anaweza kumwamini mkondo wake. Zisipolingana, kosa litafutwe mapema, kabla halijawagharimu watu maji.