MAFUTA YA KUNUKIA: YANAPOSAIDIA NA YANAPODHURU



Tuanze na jambo linaloweza kutokea katika nyumba yoyote, iwe Buhemba, Butiama au Bunda. Ni usiku. Mtoto wa mwaka mmoja anakohoa, pua imeziba, hapati usingizi. Juu ya kabati kuna kichupa cha mafuta ya mkaratusi kilichonunuliwa siku ya mnada. Muuzaji alisema yanatibu mafua, kifua, tumbo, hata malaria. Mama, kwa upendo, anamtilia mtoto matone mawili puani na kumnywesha kijiko kimoja cha chai. Kabla ya nusu saa kupita mtoto amelegea, anatapika, na mwili umeanza kumtetemeka kwa degedege.

Mama huyo hakukusudia ubaya. Alidhani kwamba kitu kikitoka katika mti hakiwezi kudhuru. Mwezi huu basi tujifunze pamoja juu ya mafuta ya kunukia: ni nini, yanafaa wapi, na wapi tunapaswa kuyaogopa.

MAFUTA HAYA NI NINI?

Mimea mingi ina harufu yake. Ukifikicha jani la mkaratusi, mchaichai au kivumbasi, mkono unanukia. Harufu hiyo hutoka katika mafuta mepesi yaliyomo ndani ya jani, ua, gome au ganda la tunda. Mafuta haya si kama ya alizeti au ya nazi. Ya alizeti yakidondoka kwenye karatasi huacha doa. Haya ya kunukia huruka hewani, na mara nyingi karatasi hukauka.

Ili kuyapata, majani huwekwa katika chombo kikubwa na kupitishiwa mvuke wa maji yanayochemka. Mvuke huo huchukua mafuta, kisha hupozwa ndani ya bomba na kurudi kuwa maji. Mafuta huelea juu, nayo huchotwa. Mafuta ya karafuu ni tofauti: ni mazito kuliko maji, hivyo huzama chini.

Hapa kwetu Tanzania kazi hii inajulikana. Huko Pemba, katika kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, mafuta hutolewa katika makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa. Nchi jirani ya Kenya, wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega hupanda aina ya kivumbasi chenye harufu ya kafuri, hukamua mafuta yake kwa mvuke, na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub.

Sasa angalieni hesabu hii. Kilo 100 za majani mabichi ya mkaratusi hutoa kilo moja au mbili tu za mafuta. Maana yake ni kwamba kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo kina nguvu ya robo kilo ya majani au zaidi. Ni mzazi gani angemlisha mtoto wake robo kilo ya majani ya mkaratusi? Lakini akimpa kijiko kimoja, ndicho alichofanya.

TIBA YA HARUFU

Watu wamejipaka na kujifukiza manukato tangu zamani sana. Jina la kitaalamu la tiba hii, aromatherapi, lilienezwa na mkemia wa Ufaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyetoa kitabu chake mwaka 1937. Tangu hapo biashara yake imekua duniani kote, na siku hizi vichupa vya lavenda, mti-chai na mnanaa vinauzwa hata katika maduka ya miji yetu.

Tusichanganye mambo, lakini. Waamini wanaifahamu harufu ya Krisma, mafuta ya mzeituni yaliyochanganywa na balsamu. Hayo ni ya sakramenti. Hayauzwi, wala si dawa ya kuweka kabatini. Hapa tunazungumza juu ya vichupa vya dukani na vya mnadani.

YANAFAA WAPI?

1. Maumivu ya jino. Mafuta ya karafuu yana dawa ya ganzi iitwayo yujenoli. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki ili kuziba jino kwa muda. Mtu mzima anaweza kulowesha pamba kwa tone moja na kuigusisha kwenye jino linalouma, bila kuchovya fizi, kwa sababu huunguza. Maumivu yatatulia, lakini tundu litabaki pale pale. Yakupe nafasi ya kufika kwa daktari wa meno, yasiwe sababu ya kutokwenda.

2. Mbu. Mchaichai, kivumbasi na mkaratusi wenye harufu ya ndimu hufukuza mbu. Watafiti wa magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania walipima kivumbasi majumbani wakaona kwamba mbu hupungua, lakini hawaishi. Mafuta mengi ya kujipaka ya aina hii huchuja baada ya saa moja au mbili. Kwa hiyo yanafaa jioni tunapokaa nje. Usiku ni lazima kulala ndani ya chandarua chenye dawa. Katika Kanda ya Ziwa malaria bado inaua, na hakuna mafuta ya kunukia yanayoitibu.

3. Misuli iliyochoka. Dawa ya kuchua yenye kafuri, mnanaa au mkaratusi huleta joto au ubaridi juu ya ngozi na kumsahaulisha mtu maumivu. Mkono unaochua nao husaidia. Usiipake kwenye kidonda, karibu na macho, au kwa mtoto mchanga.

4. Kutuliza moyo. Harufu nzuri inaweza kumtuliza mtu mwenye wasiwasi na kumsaidia kupata usingizi, hasa lavenda. Faida hii ipo ingawa ni ndogo. Haiponyi shinikizo la damu, kisukari, kifafa wala saratani. Anayekuambia uache vidonge vyako kwa ajili ya kichupa, mkimbie.

KIFUA NA KUJIFUKIZA

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwetu. Tunakumbuka mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, jinsi nyungu ilivyoenea nchini kote. Mvuke huweza kulegeza kamasi na kumfanya mtu ajisikie nafuu. Hauui virusi vilivyomo mwilini, wala hautibu nimonia wala kifua kikuu. Tena sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeunguza watu wengi. Mtoto asifukizwe kamwe.

Mtoto akikohoa, badala ya kutafuta kichupa, mfunue kifua, chukua saa, uhesabu anavyopumua kwa dakika nzima akiwa ametulia. Anapumua haraka mno ikiwa ni:

— mara 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi miwili;
— mara 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi miwili hadi 11;
— mara 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano.

Akifikia idadi hiyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, huenda ana nimonia. Apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Nimonia ya mtoto haingoji asubuhi.

Neno kwa ndugu zetu wa machimbo. Buhemba ni mahali pa dhahabu, na vijana wengi wanashinda katika vumbi la mawe yanayopondwa. Vumbi hilo lina madini ya silika ambayo huingia mapafuni na kuyakausha, na mapafu ya namna hiyo hupatwa kwa urahisi na kifua kikuu. Kuna pia moshi wa zebaki unaotoka dhahabu inapochomwa. Moshi huo ni sumu kwa anayechoma, na kwa mke na watoto kama anachomea nyumbani. Mchimbaji akianza kukohoa hujipaka mkaratusi, kifua kikafunguka kidogo, naye akarudi shimoni akidhani amepona. Hakuna mafuta yanayosafisha vumbi wala zebaki mwilini. Harufu kali humfanya ahisi kwamba hewa inapita, huku ugonjwa ukiendelea kula.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, peleka makohozi yapimwe. Ukiona damu katika makohozi, unakonda, au unatoka jasho usiku, usingoje hata wiki hizo mbili. Kupima na kutibu kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Ukichelewa, unawaambukiza wale unaolala nao nyumba moja.

MASHARTI YA KUTUMIA

1. Usinywe. Usimnyweshe mtu yeyote, hata tone katika chai. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mafuta ya karafuu kiasi kisichozidi vijiko viwili vya chai. Alipoteza fahamu, na ini lake likaharibika. Aliponea chupuchupu kwa sababu ya matibabu ya hospitali kubwa.

2. Usimtilie mtoto puani wala usimpake usoni. Kwa mtoto mchanga, mnanaa, kafuri au mkaratusi karibu na pua vinaweza kumziba pumzi. Pua ya mtoto ifunguliwe kwa matone ya maji yenye chumvi yanayotolewa kituoni, na aendelee kunyonya.

3. Mama mjamzito na mama anyonyeshaye wasitumie bila kumwuliza mganga. Wenye pumu na kifafa pia, kwa maana harufu kali huweza kuamsha ugonjwa.

4. Usijipake yakiwa matupu. Kwa mtu mzima, matone 10 yanatosha katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti au ya nazi. Kwanza jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, ungoje siku moja. Ukiona wekundu au muwasho, acha.

5. Mafuta ya ganda la ndimu yasipakwe kabla ya kutoka juani. Ngozi hubabuka na kubaki na mabaka meusi.

6. Kichupa kiwe cha kioo cheusi au cha kahawia, chenye kifuniko kigumu, mbali na moto na mahali ambapo mtoto hafiki. Kamwe usiyahamishie katika chupa ya soda. Tumeshaona jinsi mafuta ya taa yalivyodhuru watoto kwa njia hiyo hiyo.

7. Soma maandishi ya kichupa. Kisichoonyesha mmea, mtengenezaji na tarehe, usikinunue. Dawa husajiliwa na TMDA, na waganga wa tiba asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 2002. Muuzaji wa ndani ya basi anayeponya magonjwa 20 kwa kichupa kimoja hushuka kituo kinachofuata, na wewe unabaki na mgonjwa wako.

MTOTO AKIMEZA, FANYENI HIVI

— Msimtapishe. Akitapika, mafuta huweza kuingia mapafuni na kumletea hatari nyingine.
— Msimpe maziwa wala mafuta ya kula. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba maziwa huvunja sumu. Kwa sumu ya namna hii maziwa si dawa, na mafuta huweza kuisaidia kuingia mwilini upesi.
— Akiwa na degedege, mlazeni kwa ubavu. Msimtie kitu chochote mdomoni.
— Yakiingia machoni, oshane kwa maji mengi safi kwa dakika 15.
— Mkimbizeni kituo cha afya mara moja, hata kama bado anacheza, maana dalili huweza kuchelewa. Chukueni kichupa chenyewe, ili mganga ajue alichomeza na kiasi gani.

Sasa turudi kwa yule mama wa mwanzo. Angefanya nini usiku ule? Angemsafisha mtoto pua kwa maji ya chumvi, angemnyonyesha mara kwa mara, angemfunika vizuri asipate baridi, na angehesabu pumzi zake. Zikiwa za kawaida, angengoja hadi asubuhi akiendelea kumwangalia. Zikiwa za haraka, angemwamsha baba watoke. Kichupa kingebaki kabatini, au afadhali kingekuwa mahali pa juu zaidi.

Hatusemi kwamba mafuta ya kunukia ni mabaya. Mungu ameiumba mimea na harufu zake, na wazee wetu waliitumia kwa busara: jani moja katika maji, si msitu mzima ndani ya kijiko. Tuyatumie kwa jino linalouma mpaka tumwone daktari, kwa mbu wa jioni, kwa mgongo uliochoka shambani. Tusiyaache yashike nafasi ya zahanati.

Tunawaomba akina mama wa WAWATA na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo waisome makala hii kwa sauti katika mkutano wa wiki, hasa zile namba za kuhesabu pumzi. Kisha kila mmoja akifika nyumbani, afungue kabati atazame vichupa vilivyomo.

Kinga ni bora kuliko tiba.