Doha hadi Nizwa kwa gari: mipaka mitatu, mji mkuu mmoja wa kale

DOHA – Kila likizo ya shule inapokaribia, mazungumzo ni yale yale katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Qatar. Tikiti za ndege za kwenda Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam kwa watu watano au sita zinatisha, na watoto nao wamechoka kuzungushwa kwenye maduka makubwa. Ndipo linapokuja wazo la kupakia mizigo ndani ya gari na kuelekea Oman.

Wengi hukimbilia Maskati, kwani huko ndiko waliko ndugu. Sisi tunapendekeza familia zisiishie pwani, bali ziingie bara hadi Nizwa, mji uliokuwa makao makuu ya Maimamu wa Oman kuanzia mwishoni mwa karne ya 8. Ni karibu kilomita 1,000 kutoka Doha. Hata hivyo, hii si safari ya kukurupuka. Karatasi moja ikikosekana kwa mtu mmoja, gari zima hugeuzwa.

Njia iliyowahi kufungwa

Qatar ina mpaka mmoja tu wa nchi kavu, nao ni wa Saudi Arabia. Anayetaka kutoka kwa gari, awe anakwenda Kuwait, Bahrain, Falme za Kiarabu au Oman, hana budi kupita kituo cha Abu Samra na kuingia Salwa upande wa Saudia.

Ikumbukwe kwamba mwezi Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, na njia hiyo ikafungwa. Oman haikujiunga na hatua hiyo, hivyo ndege na meli kati ya nchi hizo mbili ziliendelea, lakini barabara ilikufa kwa zaidi ya miaka mitatu. Familia zilizozoea kwenda kwa gari kuwaona shangazi na wajomba walioko Oman zililazimika kununua tikiti za ndege au kubaki nyumbani. Mpaka ulifunguliwa tena Januari 2021, baada ya mkutano wa Al-Ula. Kwa hiyo mtoto aliyeanza shule wakati njia imefungwa amekua bila kujua kwamba Oman inafikika kwa gari.

Kwa nini Nizwa

Msomaji wa Mombasa anaijua Ngome ya Yesu. Anajua pia kwamba Wareno walifukuzwa humo mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Waliowafukuza walikuwa watu wa Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Ya'ariba. Babake, Imamu Sultan bin Saif, ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ndiye aliyejenga mnara mkubwa wa ngome ya Nizwa, kazi inayoelezwa kuwa ilichukua takriban miaka 12. Kwa maneno mengine, mtoto wa Kiswahili anayepanda ngazi za Nizwa anaufuata mkono ule ule uliobadilisha historia ya pwani yetu.

Majina nayo yanasema. Riyami, Kindi, Harthi, Barwani na Busaidi ni majina yanayosikika Zanzibar, Pemba, Mombasa na Ujiji, lakini asili yake ni milima na mabonde ya Oman ya ndani. Ahmed bin Said, aliyeasisi utawala wa Busaidi katika karne ya 18, alitoka Adam, mji ulio kusini mwa Nizwa. Mjukuu wake Seyyid Said ndiye aliyehamishia makao yake Zanzibar karne moja baadaye.

Nizwa yenyewe iliendelea kuwa na uzito hadi juzi juzi. Mwaka 1920, kwa mkataba wa Seeb, Sultani alibaki na Maskati na pwani huku Imamu akiendesha mambo ya bara kutoka Nizwa. Hali hiyo ilidumu hadi Desemba 1955, majeshi ya Sultani Said bin Taimur yalipoingia mjini. Vita vya Jebel Akhdar vilifuata na kumalizika mwanzoni mwa 1959. Ndiyo maana hadi 1970 nchi ilikuwa ikiitwa Maskati na Oman.

Lakini historia hii ina upande mwingine, na haifai kuwaficha watoto. Katika karne ya 19 Waafrika wa Mashariki walichukuliwa utumwani na kuletwa huku Ghuba kulima mitende na kupiga mbizi za lulu. Kabla ya kuondoka Doha, ni vyema kuwapeleka watoto nyumba ya Bin Jelmood iliyopo Msheireb, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2015 ambalo linazungumzia utumwa waziwazi. Qatar yenyewe ilifuta utumwa mwaka 1952. Mtoto aliyepita hapo kwanza ataziangalia ngome na mashamba ya mitende ya Oman kwa macho mawili badala ya moja.

Njia ni mbili

Njia ya kwanza ni ya zamani. Kutoka Doha hadi Abu Samra ni karibu kilomita 100. Unaingia Saudia, unapita jangwa hadi kituo cha Batha, na upande wa pili ni Ghuwaifat katika Falme za Kiarabu. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 300 za barabara pana hadi karibu na Abu Dhabi, kisha unakata kuelekea Al Ain. Kusini mwa Al Ain, chini ya Jebel Hafit, kipo kituo cha Mezyad cha kuingilia Oman. Baada ya hapo ni Ibri, Bahla, na hatimaye Nizwa.

Njia ya pili ni mpya. Desemba 2021 Saudi Arabia na Oman zilifungua barabara inayokata jangwa la Rub' al Khali, lile liitwalo Robo Tupu, hadi Ibri. Barabara hiyo ina zaidi ya kilomita 700 kati ya nchi hizo mbili. Faida yake ni kwamba huingii Falme za Kiarabu, kwa hiyo kuna mpaka mmoja pungufu na viza moja pungufu.

Ipi bora? Kwa familia yenye watoto wadogo, tunaona njia ya Al Ain ndiyo yenye nafuu. Vituo vya mafuta ni vingi, hospitali zipo na mahali pa kulala hapakosekani. Robo Tupu ni mchanga mtupu kwa saa nyingi, na gari likiharibika huko, msaada uko mbali. Hata hivyo, kama mmoja wenu hana uhakika wa viza ya Falme za Kiarabu, njia ya jangwani ndiyo itakayookoa safari, mradi iwe mchana, gari liwe zima na maji yawe ya kutosha.

Viza: hapa ndipo safari nyingi hukwama

Familia za Waswahili hapa Doha zimechanganyika. Baba anaweza kuwa na pasipoti ya Kenya, mama ya Tanzania, bibi aliyekuja kutembea ana ya Oman, na yaya ni wa Uganda. Raia wa nchi za Ghuba huvuka kwa kitambulisho tu. Wengine wote lazima kila mmoja aangaliwe peke yake, nchi kwa nchi.

Kwa miaka mingi viza ya mkaazi wa Ghuba ilitegemea kazi iliyoandikwa kwenye kadi yake ya ukaazi. Meneja alipita na dereva akazuiwa, hata kama wote wawili wanaishi mtaa mmoja. Mwaka 2023 Saudi Arabia na Oman zililegeza sharti hilo la kazi kwa wakaazi wa Ghuba. Mwaka huo huo mawaziri wa mambo ya ndani wa Ghuba, wakikutana Maskati, waliidhinisha mpango wa viza moja ya watalii kwa nchi zote sita. Masharti haya hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee maneno ya barazani. Angalia tovuti rasmi ya kila nchi wiki nne kabla, na uangalie tena siku chache kabla ya kuondoka.

Mambo ya kuhakikisha ni haya. Pasipoti ya kila mtu iwe na angalau miezi sita mbele. Kadi ya ukaazi ya Qatar isiwe karibu kumalizika. Viza ya Saudia ipatikane hata kama unapita tu. Mzazi mmoja akisafiri na watoto bila mwenzake, achukue barua ya idhini na nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kuhusu yaya, sheria zilizobadilishwa mwaka 2018 na Januari 2020 ziliondoa ile ruhusa ya kutoka nchini kwa wafanyakazi walio wengi. Mfanyakazi wa nyumbani anatakiwa tu kumwarifu mwajiri saa 72 kabla. Lakini viza zake za nchi nyingine ni lazima zitafutwe kama za wengine, na mara nyingi yeye ndiye anayesahauliwa.

Gari na barabara

Gari liwe kwa jina la dereva, au awe na idhini ya mwenye gari. Kama bado linadaiwa na benki, uliza benki mapema kuhusu barua ya kutoka nalo. Bima ya Qatar haikutoshi ukishavuka. Kila nchi inataka bima yake, ambayo huuzwa mpakani au kwa mtandao, na kuinunua mapema hupunguza foleni.

Kagua magurudumu, hasa la akiba. Joto la lami huku hupasua gurudumu lililochoka. Aidha, mwendo ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Katika Abu Dhabi, tangu 2018, kamera hupiga ukizidi namba iliyoandikwa kwenye kibao, bila ile nafasi ya kilomita 20 inayotolewa katika sehemu nyingine za nchi hiyo. Faini za likizo huweza kuzidi gharama za hoteli.

Dawa pia zina mambo yake. Baadhi ya dawa za maumivu na za kikohozi zinazouzwa kwa urahisi kwetu ni marufuku bila cheti cha daktari, na Falme za Kiarabu ni wakali hasa kwa zenye kodeini. Namba za dharura ni 999 kwa Qatar na Falme za Kiarabu, na 9999 kwa Oman.

Hesabu ianzie Ijumaa

Panga safari yako kwa kurudi nyuma kutoka Ijumaa asubuhi. Siku hiyo ndiyo ya mnada wa mbuzi sokoni Nizwa. Kuanzia mapema asubuhi wanyama huzungushwa kwenye duara huku wanunuzi wakipaza bei, na shughuli huisha kabla jua halijapanda sana. Ukifika saa nne umeikosa.

Kwa hiyo ondokeni Doha Jumatano baada ya sala ya alfajiri, na chupa ya chai, maandazi na sambusa za njiani. Kumbukeni kwamba saa za Falme za Kiarabu na Oman ziko mbele ya Qatar kwa saa moja. Laleni Al Ain. Alhamisi vukeni Mezyad asubuhi, pitieni Bahla kuiona ngome yake iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1987, kisha mfike Nizwa kabla ya magharibi.

Ijumaa baada ya mnada na sala, ingieni ngomeni. Watoto watapenda kuambiwa jinsi adui aliyepita mlangoni alivyomwagiwa asali ya tende iliyochemshwa kutoka matundu ya juu. Sokoni kuna vyombo vya udongo, majambia ya fedha, na halua ambayo mtu wa Wete au Unguja ataitambua kwa harufu kabla ya kuiona.

Jumamosi nendeni Falaj Daris, mmoja kati ya mifereji mitano ya maji iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006. Mchana kuna kasri la Jabrin, au jumba la makumbusho la Oman Across Ages lililofunguliwa Manah mwaka 2023. Anayetaka kupanda Jebel Akhdar ajue kwamba polisi hawaruhusu gari lisilovuta magurudumu yote manne.

Jumapili ni zamu ya ndugu wa Maskati, mwendo wa chini ya saa mbili. Usiwanyime siku hiyo. Kwa wengi wao wa umri mkubwa, walioondoka Zanzibar baada ya 1964, kusikia Kiswahili cha watoto kutoka Doha ni zawadi kuliko mfuko wowote utakaobeba. Chukueni kalamu na daftari, muwaulize majina ya mababu na vijiji walivyotoka. Wazee hawa wanapungua kila mwaka, na wao ndio wanaoweza kumwonyesha mtoto ni kijiji gani karibu na Nizwa, na ni mtaa gani Unguja, vilivyounganishwa na jina lake.

Wakati mzuri ni kuanzia Novemba hadi Machi, joto linapopungua. Epukeni mkesha wa Idi, kwani foleni za Abu Samra siku hizo huweza kula nusu ya siku. Anayetaka kusafiri Desemba na aanze kutafuta viza sasa. Tunawatakia safari njema na ya salama.