Amok: Mori, Kichaa au Kupagawa?

Neno amok tunalikuta mara kwa mara katika riwaya na magazeti ya Kiingereza. Wengi wetu tukilifasiri huandika "akawa kichaa", basi, tukasonga mbele. Nadhani hapo tunamhukumu mhusika kabla hatujamsoma.

Asili yake ni Kimalei. Amuk ni kushambulia kwa ghadhabu pasipo kujali kufa, na zamani lilitumika pia kwa wapiganaji waliojitosa vitani namna hiyo. Katika Hikayat Hang Tuah, Hang Jebat anamwasi sultani kwa kuwa rafiki yake kahukumiwa kifo bila kosa. Mwishowe, akiwa na jeraha la kumuua, anaingia mjini na kuua ovyo. Wasomaji wa Kimalei wamebishana sana: ni msaliti au ni shujaa? Ubishi wao si kama alihitaji daktari.

Waingereza walipolipata neno hili walilisikia kombo. Ile a ya mwanzo wakaidhania kijineno chao kinachotangulia nomino, na ndiyo maana mwaka 1687 mshairi John Dryden anaandika muck peke yake. Hicho ni kichekesho tu. Kilicholiharibu neno ni karne ya 19, pale maofisa na madaktari wa kikoloni walipoligeuza kuwa maradhi ya Wamalei. Ukishasema watu wana ugonjwa, nani tena atauliza wameudhiwa na nini? Dawa hiyo hiyo tulinyweshwa na sisi: mwaka 1954 daktari J. C. Carothers aliiandikia serikali ya Kenya ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau, eti tatizo limo vichwani mwa Wakikuyu, wakati watu walikuwa wanadai ardhi!

Sasa Kiswahili tuseme nini? Kichaa anapelekwa hospitali. Aliyepagawa ana pepo, kwa hiyo kosa si lake. Aliyepandwa na mori ana adui mbele yake, na ana sababu. Kiingereza cha leo kinalitumia amok hata kwa mbuzi walioingia shambani. Hapo "wamecharuka" linatosha kabisa, wala tusijisumbue.

Kwa Hang Jebat, mimi naandika "akapandwa na mori", pamoja na tanbihi ndefu kidogo, maana wapita njia aliowaua mjini hawakuwa adui zake.