Kuhamisha au Kubadilisha? Tatizo la Istilahi Moja ya Fizikia ya Nuru

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi moja tu, nayo ni jina la dutu zinazopakwa ndani ya vigunduzi vya chembe vyenye agoni kiowevu ili nuru ipate kukusanywa. Mwanafunzi wa Meru au Embu aghalabu huzungumza Kimeru au Kiembu nyumbani, hufunzwa Kiswahili kama somo, na fizikia huipata kwa Kiingereza. Mwalimu anapokimbilia Kiswahili ili kufafanua jambo, jina baya litampotosha mwanafunzi badala ya kumwongoza.

Chembe yenye umeme ikipita katika agoni iliyopozwa hadi kiasi cha nyuzi 186 za Selsiasi chini ya sifuri, agoni hutoa nuru ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 128. Nuru hiyo haipenyi kioo cha kawaida cha vitambuzi vya nuru. Kwa hiyo hupakwa dutu iitwayo tetrafenili butadieni, ambayo huifyonza na kutoa nyingine ya bluu, ya nanomita 420 hivi. Kigunduzi cha MicroBooNE, kilichokusanya data huko Fermilab, Marekani, kuanzia 2015 hadi 2021, kilikuwa na tani 170 za agoni na vitambuzi 32, kila kimoja kikiwa na bamba lililopakwa dutu hiyo mbele yake.

Tukifuata kanuni iliyotupa kipimajoto na kinasasauti, tunaweza kuunda majina matatu. La kwanza, kihamishawimbi, ladokeza kuwa wimbi lilelile limeondolewa mahali pamoja likapelekwa pengine. La pili, kirefushawimbi, ladokeza kuwa wimbi limevutwa kama mpira. Yote mawili yanakosea, kwani fotoni iliyoingia hutoweka kabisa, na inayotoka ni nyingine, yenye nishati ndogo zaidi.

La tatu ni kibadilishanuru. Ni kweli kwamba kubadilisha huweza kumaanisha kukipa kitu kilekile sura nyingine. Lakini katika kubadilisha fedha, noti unayotoa siyo unayopokea. Maana hiyo ndiyo tunayoihitaji. Tofauti ni kwamba hapa salio halirudishwi kwa mwenyewe: sehemu kubwa ya nishati iliyobaki huishia kuwa joto.

Istilahi hii yafaa hata nje ya maabara. Katika taa za mirija, poda iliyopakwa ndani hufyonza urujuanimno wa mvuke wa zebaki na kutoa nuru inayoonekana. Vilevile sabuni nyingi za unga huacha katika shati jeupe dutu inayofyonza urujuanimno wa jua na kutoa bluu, na ndiyo maana shati huonekana jeupe kupita kiasi. Mwanafunzi wa Meru, karibu na Ikweta, amevaa kibadilishanuru kabla hajalisikia jina lake.

Tunapendekeza, basi, kwamba waundaji wa istilahi waanze na tendo lenyewe linavyotukia, kisha ndipo watafute neno. Si kufasiri neno la kigeni na kulibandika juu ya tendo.