Kristo, Ndugu-Mhenga Wetu: Tuifahamu Teolojia ya Padre Charles Nyamiti



Katika vibanja vya Kimuli, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Karagwe na Kyerwa, makaburi ya wazee wetu hayako mbali na nyumba. Yamo kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo watoto hupita kila siku. Ndiyo maana kwetu swali la uhusiano kati ya walio hai na waliotutangulia si la vitabuni tu. Huingia nyumbani mtoto anapougua kwa muda mrefu, ndoa inapokosa uzazi, au ng'ombe wanapokufa mmoja baada ya mwingine. Hapo baadhi ya wanandugu husema kuwa emizimu imekasirika, na kwamba hapana budi kumwendea omufumu apige ramli. Mwamini aliyepokea Komunyo Takatifu siku ya Dominika hujikuta njia panda. Akikataa, ataambiwa amewatupa wazee wake. Akikubali, dhamiri yamshuhudia kuwa amemwacha Kristo mlangoni.

Katika makala hii tunaeleza fikra za Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia Mtanzania aliyelitafakari swali hilo kwa miaka mingi. Kwa kifupi, jibu lake ni hili: Kristo hakuja kwetu kama mgeni wa kutunyang'anya wazee wetu. Yeye ndiye Mhenga wetu aliye mkamilifu, na ni ndani yake tu kwamba uhusiano wetu na marehemu wetu hutakaswa na kukombolewa kutoka katika hofu.

Padre Nyamiti ni nani?

Alizaliwa mwaka 1931 huko Ndala, Tabora, akapewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1962. Alisoma teolojia Louvain, nchini Ubelgiji, hadi shahada ya udaktari, kisha akaenda Vienna, nchini Austria, kujifunza elimu ya tamaduni za watu pamoja na muziki. Alifundisha katika Seminari Kuu ya Kipalapala, Tabora, na baadaye kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi. Mwaka 1984 kilichapishwa huko Gweru, Zimbabwe, kitabu chake kinachojulikana kuliko vingine, *Christ as Our Ancestor*, yaani Kristo kama Mhenga wetu. Alifariki dunia mwaka 2020.

Padre Nyamiti hakuianza kazi hii kwa matakwa yake binafsi. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Utendaji wa Kimisionari wa Kanisa ya mwaka 1965, ulielekeza kwamba katika kila eneo kubwa la utamaduni ufanyike uchunguzi mpya wa kiteolojia, ili ionekane kwa njia zipi imani yaweza kufahamika kwa kuzingatia hekima ya watu wa eneo hilo (Ad Gentes 22). Miaka minne baadaye, Julai 1969, Mtakatifu Paulo VI akiwa Kampala aliwahimiza Waafrika kuwa na Ukristo wa Kiafrika, huku wakiilinda imani ile ile moja ya Kanisa. Padre Nyamiti ni mmoja wa wale walioupokea mwito huo na kuutolea maisha yao.

Mhenga ni nani?

Tulitumiapo neno "wahenga", mara nyingi huwa tunataja methali. Padre Nyamiti alitaka tuitazame imani iliyo nyuma ya neno hilo. Alipochunguza mila za makabila mbalimbali ya Afrika, aliona kuwa hazifanani katika kila kitu, lakini akatambua mambo matano yanayojirudia mara nyingi.

Kwanza, kuna undugu. Mhenga si marehemu yeyote. Ni wa ukoo wetu, mwenye damu moja nasi. Pili, mhenga ana hali ya pekee ya utakatifu na ukaribu na Mungu, ambayo kwa kawaida huipata kwa njia ya kifo. Tatu, kwa sababu ya ukaribu huo aweza kuwa mshenga kati ya Mungu na jamaa zake. Nne, yeye ni mfano wa kuigwa, kwa maana aliyeishi vibaya hakuhesabiwa kuwa mhenga hata kama alizaa watoto wengi. Tano, ana haki ya kuwasiliana daima na jamaa zake walio hai kwa sala, sadaka na ukumbusho, naye hutarajiwa kuwatendea mema.

Wasomaji wetu watayatambua mambo hayo bila shida. Mrithi, omusika, anaposimikwa baada ya matanga, hakabidhiwi shamba peke yake. Hukabidhiwa jina la nyumba, wajibu wa kuwaunganisha wanandugu, na kumbukumbu ya aliyelala. Undugu haukatiki kaburini.

Kristo, Ndugu-Mhenga

Padre Nyamiti anauliza: je, mambo hayo matano hayaonekani katika Kristo? Anajibu kuwa yanaonekana, tena kwa ukamilifu usiopatikana kwa mzee yeyote wa ukoo. Kwa hiyo anamwita Kristo "Ndugu-Mhenga". Anatumia neno ndugu kwa makusudi, kwa sababu Maandiko Matakatifu yanasema kwamba Mwana wa Mungu haoni haya kutuita ndugu zake (rej. Ebr 2:11), na kwamba yeye ni mzaliwa wa kwanza kati ya ndugu wengi (rej. Rum 8:29).

Undugu wetu na Kristo una mizizi miwili. Kwa umwilisho, alizaliwa na Bikira Maria akawa mwana wa Adamu kama sisi. Hivyo ni ndugu yetu kwa ubinadamu. Lakini yeye pia ni Mwana wa pekee wa Baba wa milele, nasi kwa Ubatizo tumefanywa wana katika Mwana. Hivyo ni ndugu yetu kwa Mungu mwenyewe, kwa kuwa tunamwita Baba yuleyule. Mzizi huu wa pili ndio unaoutofautisha undugu huu na undugu wowote wa ukoo.

Kwa kifo na ufufuko wake, Kristo ameingia katika utukufu wa Baba, wala hakutengwa nasi. Ndiye mshenga mmoja kati ya Mungu na wanadamu (rej. 1Tim 2:5). Ndiye mfano wetu. Hapa Padre Nyamiti anaonyesha tofauti kubwa: mzee wa ukoo hutupa mfano kwa nje, tunausikia ukisimuliwa na kujitahidi kuufuata, Kristo hutupa mfano na nguvu ya kuufuata, kwa sababu neema yake hutenda ndani yetu kama utomvu wa mzabibu unavyopita katika matawi (rej. Yn 15:1-8). Nayo mawasiliano yetu naye ni sala na Sakramenti, na hasa Ekaristi Takatifu. Katika mila, jamaa hutoa chakula na kinywaji kwa ajili ya mzee wao. Katika Ekaristi, ni Ndugu yetu mwenyewe anayejitoa kwa Baba na kutulisha Mwili na Damu yake.

Chimbuko lake katika Utatu Mtakatifu

Huenda hii ndiyo sehemu ngumu zaidi ya fikra zake, lakini bila hiyo yaliyotangulia yangekuwa ulinganisho tu. Padre Nyamiti anafundisha kwamba undugu na uhenga wa Kristo unatoka katika uhai wa ndani wa Mungu. Baba humzaa Mwana tangu milele. Mwana ni sura kamili ya Baba. Na Roho Mtakatifu ni upendo na zawadi inayowaunganisha. Kwa mfanano, yaani kwa kuchukua lugha ya mambo tunayoyajua na kuisafisha ili iseme juu ya Mungu, anaona kuwa twaweza kumwita Baba Mhenga wa Mwana, na Mwana Mzawa wake, na kumwona Roho Mtakatifu kuwa mawasiliano matakatifu kati yao.

Anaongeza tahadhari mara moja. Kwa Mungu hakuna kifo, hakuna kutangulia wala kufuata kwa wakati, wala Baba hahitaji mshenga kati yake na Mwana. Kinachobaki katika mfanano huu ni kwamba mmoja ni asili ya mwingine, kwamba mwingine ni sura yake, na kwamba wanaunganishwa na mawasiliano matakatifu ya upendo. Hivyo Kristo anapotufanya ndugu zake, hatuingizi katika ukoo mwingine wa kibinadamu. Hutuingiza katika uhai ule alio nao kwa Baba katika Roho Mtakatifu.

Yale tunayopaswa kuyaacha

Mtu asije akasema kwamba teolojia hii imewarudishia Wakristo ramli. Kinyume chake ndicho kinachofuata. Kama Kristo ndiye Mhenga mkamilifu, basi hakuna mzee wa ukoo anayeweza kushindana naye, wala hakuna marehemu anayeweza kumfunga mtu aliyefunguliwa naye. Katika mila, mizimu iliyosahauliwa ilidhaniwa kulipiza kisasi kwa magonjwa na misiba. Kristo alisahauliwa na kukanwa na wanafunzi wake, naye alipofufuka aliwajia na kuwapa amani. Mwenye Ndugu wa namna hii hana sababu ya kuishi kwa hofu ya kaburi lililo nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakataza kila aina ya ramli na kuita roho za wafu (KKK 2116), na wakati huohuo inatufundisha kuwakumbuka marehemu na kuwaombea, na kwamba sala yetu kwa ajili yao yaweza kuwasaidia na kuyapa nguvu maombezi yao kwa ajili yetu (KKK 958). Yapo mambo mawili ya kutenganisha: kuwaombea na kuomba pamoja nao ni imani, kuwatafuta kwa mganga ili watoboe siri au wamtaje aliyeturoga ni dhambi, na mara nyingi ndicho chanzo cha uadui kati ya jirani na jirani, hata kati ya mama mkwe na mkamwana. Na mtoto mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa; kusali na kutibiwa havipingani.

Jambo la pili la kuacha ni mipaka ya ukoo. Mhenga wa mila ni wa ukoo wake peke yake, wenye muziro wake. Kristo ni Ndugu wa wote. Mhamiaji anayelima jirani yetu, mtu wa kabila lingine na hata yule tunayegombania naye mpaka wa shamba, wote wana haki ya kumwita Ndugu. Hatuwezi kumheshimu Mhenga huyu huku tukiwachukia jamaa zake.

Hoja zilizotolewa dhidi yake

Wapo waliohofu kuwa kumwita Kristo mhenga ni kumshusha, kwa kuwa wahenga ni viumbe na Kristo ni Mungu. Hofu hiyo ina maana, nayo ndiyo sababu Padre Nyamiti alisisitiza kila mara pale mfanano unapoishia. Hata majina "mchungaji" na "mfalme" yalitoka katika maisha ya watu, Kanisa likayatakasa. Wapo pia waliouliza kama lugha hii inawagusa vijana waliokulia mijini wasiojua mila. Wengine, kama Padre Jean-Marc Ela wa Kamerun, walisisitiza kwamba teolojia ya Afrika ianzie katika mateso ya maskini na wakulima wanaokandamizwa. Padre Bénézet Bujo wa Kongo, aliyemtafakari Kristo kama Mhenga wa Kwanza, alikazia zaidi matokeo yake katika maadili na maisha ya jamii. Hoja hizi hazibomoi kazi ya Padre Nyamiti. Zinatukumbusha kuwa mwenye kumkiri Kristo kuwa Ndugu-Mhenga hana budi kuwatetea wajane na yatima wanaonyang'anywa mashamba na watu wa ukoo wao wenyewe.

Yatusaidie nini?

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wa Kitume *Ecclesia in Africa* wa mwaka 1995, aliliita Kanisa kuwa Familia ya Mungu, na aliona katika heshima ya Waafrika kwa wahenga wao aina ya maandalizi ya kuupokea ushirika wa watakatifu. Tuna basi msingi imara wa kutenda.

Familia ziandike majina ya marehemu wao na kuyaleta yaombewe katika Misa, hasa mwezi wa Novemba. Jumuiya Ndogo Ndogo zikusanyike makaburini kusafisha na kusali, ili mahali pa hofu pageuke mahali pa matumaini. Mrithi anaposimikwa, wanandugu wamwombe Padre au Katekista aongoze sala, na mrithi aahidi mbele yao kumlinda mjane na watoto. Katika Litania ya Watakatifu tuwatambue wahenga wetu katika imani. Miongoni mwao ni Mashahidi wa Uganda, majirani zetu, waliotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Na familia yenye mgonjwa au msiba isiachwe peke yake usiku ule ambapo mashauri ya ramli huanza. Wanajumuiya wafike mapema, wakae nao, wasali nao na kuwasaidia nauli ya hospitali. Jamaa wa Ndugu mmoja hutambulikana hapo.

Kristo, Ndugu yetu na Bwana wetu, awajalie marehemu wetu wote pumziko la milele, naye atuondolee sisi tulio hai kila hofu. Amina.